Nguzo Isiyonuka Dawa

Inspekta Dionisia Namkulala alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake kituoni Nachingwea: kila kitu alikinusa. Panga la ushahidi alilinusa, shati la marehemu alilinusa, na wenye ulimi mrefu walidai aliwahi kumnusa hata mkuu wa kituo asubuhi moja alipochelewa kufika kazini. Basi hata siku ile, kijijini Likunja, wanaume wawili walipokuwa wakibishana juu ya baraza lililoanguka, yeye alikuwa ameinama, anatoka nguzo hii anakwenda nguzo ile, pua mbele, mikono nyuma.

"Afande, umepoteza kitu?" aliuliza Mzee Hasani, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

"Bado. Nikikipoteza nitakuambia."

Jengo lilikuwa kituo cha jamii, ambacho wenyeji walikwisha kukiita Senta hata kabla hakijafunguliwa. Kuta zake zilikuwa za udongo wa palepale, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono mpaka ukawa tofali gumu. Hakuna tofali lililochomwa, kwa hiyo hakuna msitu uliokatwa kuni. Paa lilikuwa pana, limetoka nje ya kuta pande zote ili mvua isiuguse udongo, na maji yake yaliteremka kwenye tangi ambalo akina mama wa pale walilisubiri kuliko kitu kingine chochote katika jengo hilo. Ukingo wa paa ulibebwa na nguzo nyeusi za miti iliyotiwa dawa, kila moja imesimama juu ya kitako chake cha zege.

Mwishoni mwa mvua za Aprili, mwaka huo wa 2004, nguzo ya kona ilikunja goti. Paa likashuka juu ya Lukasi, mlinzi, aliyekaa chini yake akisubiri mvua ikatike, likamvunja mguu. Watu walipoitazama nguzo iliyoanguka wakaona si ya dawa, ni mti wa hivi hivi uliopakwa weusi. Kesho yake fundi mkuu, Adinani, akakamatwa kwa wizi wa nguzo. Sasa alikuwa mahabusu Nachingwea, hakubali wala hakatai, na faili lake lilingoja saini ya Dionisia tu liende mahakamani. Wilayani nako walikwisha kutoa kauli: ikithibitika kwamba jengo limejengwa kwa wizi, libomolewe lote, maana nani ajuaye kilichoibwa ndani ya kuta?

"Kesi hii nyepesi, afande," Mzee Hasani aliendelea. "Mimi tangu mwanzo nilisema tujenge kwa tofali za kuchoma na saruji, kama watu. Wakaniona mshamba. Nyumba za udongo tumezikimbia kwa baba zetu, leo tunaletewa tena na mhandisi kutoka Dar es Salaam."

"Ukuta wa udongo, mwenyekiti, hauna hata ufa," alijibu mhandisi Eustace. Alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu; alikuwa amesafiri tangu jana na hakuonekana kama aliyelala. "Boriti ya juu ilikuwa inabebwa na nguzo ya kona na zile za jirani. Kona ilipokwenda, boriti ikabaki inaning'inia, ikavunjika. Nimepiga hesabu mara nne. Kilichoanguka ni mti, si ukuta."

"Nami nasema mti huo fundi wako ndiye aliyeuleta."

Dionisia alinyoosha mgongo. "Hizi zote zinanuka lami," alisema akionyesha nguzo zilizosimama. "Hii iliyoanguka inanuka gereji." Akachukua bisibisi, akaukwangua weusi wa nguzo iliyolala chini. Weusi ukatoka na utando wa mafuta, na chini yake mti ukaonekana wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. "Oili chafu ya gari. Mtu aliipaka ili isijulikane. Kazi nzuri, hata pembe hazikusahauliwa."

"Si ndiyo wizi wenyewe?" alisema Hasani.

"Mwizi huficha alichochukua, mzee. Huyu amekificha alichoweka."

Alihamia kwenye kitako cha zege kilichobaki peke yake pembeni, ndani ya kamba iliyofungwa na polisi. Juu ya kitako palikuwa na sahani ya bati, kingo zake zimekunjwa kuelekea chini. Eustace alichuchumaa karibu naye.

"Hili ni la mchwa," alieleza. "Mchwa hapendi mwanga. Akitaka kupanda hujenga njia ya udongo, apite ndani yake. Akifika kwenye bati analazimika kuizungusha njia yake kwenye ukingo, na sisi tunaiona, tunaikwangua. Bati halimuui. Linamtoa hadharani."

"Hapa halikumtoa."

"Halikumtoa, maana limezikwa." Eustace aligusa lundo lililokauka, lililopanda kutoka ardhini, likafunika kitako upande mmoja mpaka juu ya bati. "Mtu amejaza udongo hapa. Mchwa wamepanda ndani ya lundo kama watu wanaopanda ngazi. Sielewi. Kila wiki nilikuwa nasisitiza vitako viachwe wazi."

Lundo lile halikuwa udongo mtupu. Lilikuwa na tabaka nyeupe na tabaka nyekundu, zimepandana, na juu kabisa palikuwa na kiganja kimoja cha unga mweupe, mkavu.

"Saruji hiyo," alisema Hasani haraka. "Au chokaa. Alikuwa anaiba, ikimwagika."

"Au salfa ya kupulizia mikorosho," alisema Eustace.

"Salfa ni ya njano, na ningeijua kwa harufu nikiwa Ruangwa mjini." Dionisia alichovya kidole kwenye unga, akakinusa, kisha akakiweka ulimini. Mhandisi alimtazama kama mtu anayetaka kumwita daktari. "Mtama," alisema. Akakusanya ule mkavu wa juu, akautia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga. "Hapa kabla ya jengo palikuwa na nini?"

"Pori tu," alisema Hasani.

"Palikuwa na mti mmoja mkubwa," alisema Eustace. "Kona yetu iliangukia juu yake. Niliwaambia naweza kulisogeza jengo, mkutano wa kijiji ukasema ukatwe. Sheikh alikuwepo na katekista alikuwepo, wakafurahi kuliko mimi."

"Mti gani?"

Eustace hakujua jina lake. Mzee Hasani alivitazama viatu vyake kwa muda.

"Msolo," alisema mwishowe.

Mhandisi hakuona kitu katika neno hilo, lakini Dionisia alikulia Chiola, na bibi yake alikuwa Mmakonde wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Msolo ndio mti ambao watu wa kwao humwaga unga wa mtama shinani, na maji kidogo, wakiwaita wazee waliotangulia wawaangalizie jambo: mgonjwa apone, mvua ije, aliye safarini arudi. Kaka yake Edwin alipokwenda Tunduru kutafuta vito, miaka minane iliyopita, bibi alimwaga unga mpaka siku alipokufa yeye mwenyewe, Edwin bado hajarudi. Mama yake, aliyekuwa mtu wa kanisani na hakutaka kusikia habari za msolo, mpaka leo huacha kusuka ukili kila basi linapopita, atazame nani anashuka. Dionisia alimkumbuka kaka yake ghafla, hata akasahau swali lake lililofuata.

"Kwa hiyo mti uliokatwa hapa," alisema alipojirudi, "ndio huu uliopakwa oili. Umekatwa, ukachongwa, ukarudishwa kusimama palepale ulipoota. Ulijua, mwenyekiti?"

"Sikujua. Haki ya Mungu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Tulikubaliana mambo hayo yamekwisha, afande. Mbele ya watu wote. Nani angesema?"

Dionisia alimwamini. Akageukia jengo. Nguzo ya dawa iliyopotea ilikuwa ndefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani, na nzito ya kubebwa na wanaume wanne. Nguzo si kuku useme utaipitisha kijijini chini ya kanga. Katika kijiji ambacho jirani anajua umepika nini kabla hujapakua, mzigo ule usingefika hata kisimani bila kusindikizwa na maswali.

"Mhandisi, kuna ngazi?"

Waliikuta darini, juu ya chumba cha mikutano. Nguzo nyeusi, nzima, inanuka lami, imelazwa sambamba na ukuta na kufungwa kwa waya ili isibingirike. Kibandiko cha bati cha kiwandani kilikuwa bado kimepigiliwa kwenye ncha yake.

"Ameilaza juu ya ukuta," alisema Eustace polepole, akipitisha tochi. "Haigusi kenchi hata moja. Hakutaka uzito wake ulisumbue paa." Alikaa pale juu ya ngazi bila kushuka. "Inspekta, huyu mtu kaniharibia jengo huku analitunza. Sasa nimchukie au nifanye nini?"

"Nisaidie kuishusha kwanza," alisema Dionisia.

Dionisia alimkuta Lukasi hospitalini Nachingwea, mguu umefungwa plasta, mkewe pembeni anamenya chungwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mpole, na alionekana kuona haya kwa kuangukiwa na paa.

"Baba Lukasi, baraza ulikuwa unafagia wewe?"

"Kila jioni nikiingia zamu, mwanangu."

"Na kwenye nguzo ya kona ulikuwa unakuta nini?"

Lukasi alimtazama mkewe. Mkewe akaendelea kumenya chungwa.

"Nilikuwa nakuta unga," alisema. "Na maji kidogo. Umemwagwa mchana, mimi sipo. Sijamwona mtu, wala sikutaka kumwona."

"Ulifanya nini na huo unga?"

"Mimi Mkristo, nimebatizwa Ndanda kabisa. Lakini unga wa watu hautupwi jalalani. Ule una maneno ya mtu." Alikohoa. "Kuuacha katikati ya baraza nao ungekanyagwa. Basi nikawa nausogeza kwa ufagio, na vumbi lake, mpaka chini ya nguzo. Naushindilia kidogo kwa mguu. Nikasema, hapo umekaa pazuri."

Dionisia aliinuka. Angeanzaje kumwambia mtu mwenye plasta kwamba kwa heshima yake na ufagio wake aliwajengea mchwa ngazi, jioni baada ya jioni, mpaka wakalila goti la nguzo iliyokuja kumwangukia? Alimtakia afya njema, akaondoka.

Adinani aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa fundi wa umri wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, na alikaa kwenye benchi mgongo wima kama aliyekuja kupima ukuta.

"Nguzo nimeiona," alisema Dionisia. "Ipo darini."

Adinani aliinua uso. "Imepata unyevu?"

"Imekauka vizuri."

"Afadhali."

"Kwa nini uliibadilisha?"

"Niliona ule mti mwingine mzuri."

"Mti mbichi, hauna dawa, una mafundo. Wewe fundi, na uliuona mzuri?"



Dionisia alitoa mfuko wa nailoni, akauweka mezani. "Nani anamwaga huu?"

"Wangu huo. Nilimwaga mimi."

"Lini?"

"Siku zote. Andika ni mimi."

"Paa lilipoanguka mvua ilikuwa kubwa, kila mtu anasema hivyo. Lundo lote lililowa likakauka likawa jiwe. Huu ulikuwa juu yake, mkavu, mwepesi kama umetoka kwenye ungo. Umemwagwa baada ya mvua. Na baada ya mvua wewe ulikuwa humu ndani."

Adinani aliutazama mfuko. Kidole gumba chake kilianza kusugua ukingo wa meza, kule na huku, kama anayetafuta mahali pasipo sawa.

"Afande, andika nimeiba. Nitakwenda jela, nitarudi. Hao wengine waache."

"Wengine nani?"

"Sijasema wengine."

"Kuna mtu aliyekuwa anakuombea kazi iende salama, naye hakujua bati ni la nini. Hilo si kosa la jinai. Kwa nini umfiche?"

Hapo Adinani alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Aniombee mimi? Mimi nipo, afande. Aliyepo hamwagiwi unga."

Kisha akafunga mdomo, na usoni ilionekana wazi kwamba angetoa mkono wake mmoja ayarudishe maneno yale.

"Kwenu mmezaliwa wangapi?" aliuliza Dionisia taratibu.

"Wawili."

"Mwenzako yuko wapi?"

Adinani aligeukia ukuta, na mahojiano yakaishia hapo.

Kesho yake Dionisia alirudi Likunja, akamwacha dereva na gari mbali, kwenye barabara ya Ruangwa, akaingia kijijini kwa miguu. Lukasi alisema unga ulimwagwa mchana. Mchana wa Mei watu wote wako mashambani kwenye mtama na ufuta, kijiji kimebaki na kuku. Anayetaka kufanya jambo lake bila kuonwa na sheikh wala katekista hana saa nyingine iliyo bora. Dionisia alikaa ndani ya chumba cha mikutano, nyuma ya dirisha. Kuta za udongo zilikuwa zimehifadhi ubaridi wa asubuhi, na kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini mhandisi alilipenda jengo hilo kiasi cha kukosa usingizi.

Alikuja mwanamke mzee, mrefu, amejifunga kanga mbili, na chale za Kimakonde zimefifia mashavuni. Alikuwa na kibakuli cha bati mkononi. Alipofika kwenye kamba ya polisi aliinama akapita chini yake, kama mtu anayeingia kwenye mlango mfupi wa nyumba yake, akapiga magoti mbele ya kitako.

Dionisia alimwacha amalize. Alisubiri mpaka maji yamemwagwa na midomo imeacha kusogea, ndipo akatoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Hakushtuka. "Ndiwe polisi?"

"Ndimi. Naitwa Dionisia."

"Mimi Mwanaima. Mama yake Adinani."

Dionisia alikaa chini karibu naye, magoti upande, kama alivyofundishwa kukaa na wakubwa. "Unammwagia nani, bibi?"

"Polisi mnaandika na haya?"

"Sina kalamu mkononi."

Mwanaima aliitazama mikono yake kuhakikisha. "Nilivuka Ruvuma vita ya Wareno, ntoto nkononi," alisema. "Yule ntoto ndiye Amri. Adinani nimemzaa hapahapa. Nchumbiji ilipotulia, Amri akasema, mama, naenda Mueda nikatazame kama shamba la babu lipo. Nikilipata nakuja kukuchukua. Tumeagana hapa, chini ya nti. Akasema, naweza kukaa sana huko, mama. Nikirudi nyumba zitakuwa zimehama, njia imehama. Nti hauhami. Unisubiri hapo."

"Amekaa muda gani?"

"Adinani alikuwa hajaoa. Sasa ana watoto."

"Na mti ukakatwa. Ulikuwepo mkutanoni?"

"Nilikuwepo. Nilinyoosha nkono kama wenzangu. Wenzangu walitaka maji, na mimi nataka maji. Kisimani ni mbali, miguu yangu imechoka." Alifuta kibakuli kwa pindo la kanga. "Nikaenda nyumbani nikalia. Nilidhani nalia peke yangu. Adinani akanisikia, hakusema kitu. Wameinua paa, naja kutazama, naukuta nti wangu umesimama palepale, umepakwa weusi. Niliujua kwa kovu lake. Amri alilikata yeye, utotoni, anajaribu panga. Nikasema, haya, sasa akija atajua pa kufikia."

Kwa miaka yote ya kazi yake Dionisia alikuwa ametafuta watu waliofanya kosa, na alipowapata alifurahi. Safari hii hakufurahi hata kidogo. Lakini kijana wa watu alikuwa ndani, na neno lilibidi lisemwe. Akamweleza mama yule, polepole, habari ya bati na mchwa, maji na unga, na ufagio wa Lukasi.

Mwanaima alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo paa la Lukasi nimeliangusha mimi."

"Mchwa, bibi."

"Mchwa niliwaita mimi." Akalitazama lundo. "Adinani anajua?"

"Anajua. Ndiyo maana hasemi. Amesema aandikiwe wizi."

Mama yule alishika kichwa kwa mikono miwili, kuku wakiparua chini ya tangi.

"Nitakuja huko kituoni niseme," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Huu wa leo si wa Amri. Tangu wamemchukua Adinani sijammwagia Amri hata siku moja. Amri nimemweka pembeni. Wote wa Adinani. Nimewaambia wazee, yule yuko mbali, labda hamumwoni. Huyu yuko Nachingwea hapo tu. Nirudishieni huyu." Akamtazama Dionisia kwa makini, kama ndiyo kwanza anamwona. "Ukaja wewe."

Dionisia alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Na wewe una ntu hajarudi," alisema Mwanaima. Halikuwa swali.

"Kaka yangu. Alikwenda Tunduru, kwenye vito."

"Jina lake?"

"Edwin."

Mwanaima aligonga kibakuli, akakusanya chembe zilizobaki kwenye ncha za vidole, akazidondosha chini akilitaja jina hilo katikati ya maneno ya Kimakonde. Inspekta wa polisi, ndani ya kamba ya polisi wenzake, juu ya ushahidi wake mwenyewe, hakumzuia.

Jioni walikaa na Eustace na Mzee Hasani kwenye ngazi za Senta. Dionisia aliwaeleza alichokusudia kuandika: hapakuwa na wizi, kwa sababu nguzo haikutoka ndani ya jengo. Lukasi alikwisha kutuma neno kwamba hana ugomvi na mtu. Fundi kubadilisha nguzo bila ruhusa ni jambo la mhandisi, si la polisi.

"Nguzo ya darini itasimama mahali pake," alisema Eustace, "na boriti itawekwa mpya. Kuta ziko sawa, nitawaandikia wilayani kwa saini yangu. Fundi nitamgombeza mpaka achoke, kisha nitamwomba arudi kazini." Alilitazama gogo la msolo lililolala nyasini. "Huku chini pameliwa. Lakini huku juu, lenye kovu, ni zima. Tunaweza kulisimamisha kule njiani, nje ya jengo. Lisibebe kitu. Nguzo isiyobeba paa sina hesabu nayo. Mtu aimwagie apendavyo."

Wote wawili walimtazama mwenyekiti. Mzee Hasani alikuna ndevu.

"Mimi na sheikh tutaongea," alisema. "Itakuwa nguzo ya taa. Taa italetwa siku nyingine."

Siku ya tatu Dionisia aliingia chumba cha mahojiano na faili lililofungwa. Mwanaima alikuwa nje, chini ya ukuta wa kituo, amekwisha kusema yake yote kwa mkuu wa kituo, na alikuwa akingoja na chakula kwenye kikapu. Adinani alisomewa kwamba yuko huru. Alisikiliza bila kubadilika uso.

"Mama kasema, siyo?"

"Kasema."

"Nilitaka asijue," alisema Adinani. "Angekuwa anamsubiri tu kaka. Kusubiri amezoea. Hili la kuwa ndiye aliyemvunja Lukasi, hili ni jipya."

"Umekaa humu ndani kwa ajili ya kaka yako, basi."

"Nimekaa kwa ajili ya mama. Amri amekaa sana huko, hata sura yake imeanza kunipotea. Nakumbuka tu kwamba kila tukila, kuna fungu lake linaachwa chunguni."

Dionisia alitoa ule mfuko wa nailoni mfukoni mwake, akauweka juu ya meza, karibu na mkono wa Adinani.

"Ulisema aliyepo hamwagiwi unga."

Adinani aliusogelea mfuko bila kuugusa.

"Huu niliuchukua siku ya kwanza. Juu kabisa ya lundo, mkavu. Ulimwagwa wewe ukiwa humu. Mama yako ameniambia kwa kinywa chake, tangu siku uliyokamatwa hajalitaja jina la kaka yako hata mara moja. Ametaja lako."

Ilichukua muda kabla neno hilo halijamwingia. Adinani aliuvuta mfuko, akaufungua fundo kwa vidole vyake vinene, akainamisha pua ndani, kama Dionisia alivyofanya, akanusa kwa muda mrefu.

"Huu bado ni ushahidi, afande?" aliuliza.

"Hapana. Faili limefungwa."

Akaufunga tena mfuko, fundo juu ya fundo, akautia kwenye mfuko wa shati na kuufunika kwa kiganja. Mlango ulikuwa wazi na mama yake alikuwa akisikika nje akimuuliza askari wa zamu mbona mtoto wake hatoki. Adinani alisikia akiitwa kwa jina lake, mara ya kwanza na mara ya pili, na bado hakuinuka. Alikaa palepale kwenye benchi, macho yamejaa machozi, akingoja aitwe tena.